Nyumba ya Kukaa Tu

Mwanangu Swaleh,

Barua zetu za hapa Mombasa huanza kwa salamu ndefu, mtu akaulizia hali ya kila aliye nyumbani mpaka paka, ndipo akafika kwenye "ama baad". Leo niwie radhi. Hali yako naijua. Umekula wali mbele yangu ukalalamika kuwa nazi imezidi, na sasa nakusikia chumba cha pili ukibishana na mama yako juu ya blanketi. Yeye ataka uchukue mawili. Chukua mawili. Hilo ndilo shauri pekee la safari utakalolipata kwangu. Mengine mama yako ameshayamaliza.

Nakuandikia kwa sababu nimeshtuka, na sikuweza kukwambia kwa mdomo tukiwa mezani. Unanijua. Jumba lilipoporomoka kule Kuze, nilisimama penye vumbi nikiwauliza majeruhi majina yao na namna yanavyoandikwa. Mama yako alinisema kwa wiki nzima. Nimeandika habari za moto, za mgomo bandarini, za watu walionyongwa, na kila mara nilirudi nyumbani nikala. Juma lililopita nilirudi kutoka Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi na sikuweza kula. Hakukuwa na damu wala kelele. Lilikuwa neno moja, na kesho wewe wapanda gari la moshi kwenda kufanya kazi katika ofisi itakayolitafsiri.

Niruhusu nianze nyuma kidogo, nyumbani kwa jirani yetu Bi Khatija.

Wajua sehemu ya habari hii. Siku yenyewe ulikuwa shuleni, na ulipouliza nilikujibu kwa mkato. Wakati ule vita vilikuwa bado vikali, na Gavana alikuwa na uwezo wa kutoa amri zenye nguvu ya sheria bila kuzipeleka kwanza Barazani zikajadiliwa. Mchele, sukari na nguo vilikuwa haba, na wako wafanyabiashara walioficha. Hilo ni kweli, na niliwaandika. Ikatoka amri kuwa maofisa wanaotafuta bidhaa zilizofichwa waweza kuingia na kupekua bila hati ya hakimu. Amri ilikuja kwa Kiingereza. Mhariri akanipa mimi niitafsiri kwa ajili ya gazeti letu, kwa kuwa watu walikuwa wakiulizana mitaani na hakuna aliyekuwa na jibu.

Waingia wapi? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kiingereza kina neno moja linalobeba jengo zima pamoja na ua wake na kila chumba, kiwe cha kuuzia, cha kulia au cha kulalia. Mimi nikaandika "maduka na maghala". Sikukusudia kudanganya. Niliona ndivyo walivyomaanisha, maana sukari ya magendo hufichwa ghalani, na sikudhani kama kuna mtu mwenye akili atakayetunga sheria ya kumwingiza mgeni chumbani kwa watu. Hivyo ndivyo nilivyotafsiri, Swaleh. Waliotunga sheria niliwatilia mdomoni adabu yangu mimi.

Watu wa mtaani wakafurahi. Wenye maduka waliikata ile safu ya gazeti wakaibandika ukutani karibu na mizani. Marehemu Bwana Kasamali, mume wa Bi Khatija, aliibandika yake kwa gundi ya unga, akanionyesha kwa fahari kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga sheria. Haukupita muda akafariki, na mjane wake akakaa eda huko juu, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Chini, duka likashikwa na mwanawe Anwar.

Nyumba yao waijua, umepanda ngazi zile mara nyingi ulipokuwa mdogo. Lakini itazame tena kwa jicho la sheria. Chini ni duka, na mlango wa barabarani ni mmoja. Ngazi ya kwenda juu inaanzia ndani ya duka, nyuma ya magunia, na juu ndiko familia inakokaa. Nusu ya mtaa wetu wa Kibokoni imejengwa hivyo. Chini riziki, juu sitara, na baina yake ngazi moja ya giza. Hata Anwar, aliyezaliwa humo, hukohoa kabla ya kupanda, kwa sababu huenda mamake ana wageni wa kike. Hakuna aliyetufundisha kukohoa huko. Mtoto akianza kuota ndevu hujikuta anakohoa.

Asubuhi hiyo nilikuwa napita, na fundi Mbarak mshonaji, aliye mkabala na duka lile, akaniita bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Bwana Gazeti! Hebu njoo. Ile sheria yako imekuja, yatembea kwa miguu."

Ndani mlikuwa na Inspekta wa Kizungu na askari wawili. Walikuwa wamekwisha kupekua duka na hawakupata kitu. Inspekta akanyoosha kidole kuelekea ngazini. Anwar akabandua ile safu ya gazeti ukutani, chokaa ikatoka nayo, akasimama nayo kwenye kidato cha kwanza cha ngazi.

"Hapa pasema maduka na maghala," akasema. "Juu si duka, Bwana. Juu ni mamangu."

Inspekta hakukasirika. Nataka ulijue hilo, kwa sababu wengi hukisimulia kisa hiki wakamfanya jitu la kutisha. Alikuwa kijana, jasho lamtoka, na alizungumza kwa upole.

"Gazeti hapana sheria," akasema. "Sheria iko hapa." Akatoa karatasi yake ya Kiingereza, akaangaza macho dukani, akaniona na kalamu yangu. "Wewe najua kusoma Kiingereza? Soma. Ambia yeye."

Nikasoma. Nilikwisha kuisoma mezani kwangu nikiwa na kikombe cha chai, na sasa naisoma tena mbele ya mtu ambaye inampandia ngazini kwake. Yalikuwa maneno yale yale, ila safari hii niliyaona.

"Ni kweli, Anwar," nikasema. "Yaani jengo lote."

"Lote?"

"Lote."

"Na juu?"

"Na juu."

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Fundi Mbarak akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Basi Bwana Athmani, gazeti lako tulifungie pilipili." Wengine wakacheka. Anwar hakucheka. Aliikunja ile karatasi vizuri, akaitia mfukoni, akashuka kwenye kidato.

Sasa sikiza. Inspekta aliniomba nipande naye ili kumfasiria mwenye nyumba. Aliniomba, hakuniamuru. Ningaliweza kusema hapana. Ningaliweza kusema, Bwana, mwanamke huyu yuko edani, ngoja nimwite mke wangu aje. Kutoka pale hadi kwetu ni mwendo wa kuvuka kichochoro. Nilipanda kwa sababu nilitaka kuona. Huo ni ugonjwa wa kazi yangu, na nimeuvumilia miaka mingi nikiuita uangalifu. Tulipanda watu wanne. Hakuna aliyepiga hodi. Inspekta hakujua. Wale askari walijua, lakini wanampigia nani hodi mbele ya mkubwa wao? Na mimi niliyejua zaidi ya wote sikukohoa.

Bi Khatija alikuwa amevaa nguo nyeupe, amekaa juu ya msala. Aliposikia miguu alijigeuza akautazama ukuta. Inspekta alivua kofia. Akafungua kasha la nguo za marehemu, akanyanyua shati moja baada ya jingine, akayarudisha yakiwa yamekunjwa. Akainama akatazama mvunguni. Askari mmoja alikuwa akitazama dari muda wote, na shingo yake ilikuwa imevimba kwa haya. Hapakuwa na sukari. Hapakuwa na kitu.

Tulipokuwa twatoka, mjane akasema bila kugeuka, "Anwar, buti nimezisikia. Na hayo makubadhi ni ya nani?"

Anwar alikuwa ngazini. Akajibu, "Ni Bwana Athmani, mama."

"Wa gazeti?"

"Wa gazeti."

Basi. Hakuongeza neno, na kwa miaka yote hii hakuniambia tena neno. Mama yako huenda kwake na kurudi, huletwa sambusa za Ramadhani na sahani hurudishwa na halua, na salamu huja kwa kila mtu wa nyumba hii isipokuwa mimi. Kadhi alisema eda yake haikuharibika na yeye hana kosa. Anwar aliniletea habari hiyo akidhani itanituliza. Haikunituliza, kwa sababu kosa lilikuwapo na lilikuwa linatafuta pa kukaa.

Nilifanya kile ninachojua kufanya, nikaenda kulitafuta. Kuna wakili mmoja wa Kihindi ambaye ofisi yake ni karibu na mahakama, mtu mwenye kusema kidogo. Nikampa habari yote, nikamuuliza ni kifungu gani Inspekta alichokivunja. Akaisoma amri, akavua miwani.

"Bwana Athmani, watafuta kosa?"

"Ndiyo."

"Halipo. Ndiyo maana inatisha."

Nikamtajia bendera ya Sultani inayopepea pale Ngomeni kuonyesha kuwa pwani hii bado ni milki yake, na ile mikataba tunayoambiwa kuwa iliahidi dini na mila zetu zitaheshimiwa. Akanionyesha maneno ya ahadi hiyo. Ni maneno mazuri. Akasema sheria inayotoka Nairobi haina haja ya kuivunja ahadi kama hiyo, huipita kando. Ahadi haikutaja ngazi wala hodi, na wapekuzi wa sukari hawakutaja dini. Nilitoka mle nikasimama juani nikiwa kama mtu aliyeambiwa kuwa nyumba yake haina msingi na haijawahi kuwa nao.

Hilo ndilo funzo langu la kwanza, na nililipata kwa bei ya Bi Khatija. Mtu anayewatafsiria watu sheria akiwapa tafsiri ya upole kuliko sheria yenyewe, huwa amewavua ngao akawaambia wamevaa. Laiti ningaliandika "jengo lote pamoja na vyumba vya kulala", watu wangalipiga kelele. Labda wangaliandika malalamiko. Labda Bi Khatija angalihamia kwa dadake mpaka eda iishe. Sijui wangalifanya nini. Najua kwamba wangalikuwa na la kufanya.

Sasa nije kwenye la juma lililopita.

Vita vimekwisha, lakini amri zile hazikutaka kwenda. Serikali imeleta mswada Barazani ili zile za upekuzi ziwe sheria ya kudumu. Nilipelekwa kuuripoti. Nilikaa kwenye viti vya waandishi, pembeni kabisa, na nilitarajia siku ya kawaida, yaani usingizi.

Akasimama mjumbe mmoja wa walowezi. Kumbe na yeye aliingiliwa nyumbani. Maofisa walikwenda shambani kwake kutafuta petroli, wakafungua kabati la nguo za mkewe. Swaleh, sijapata kumsikia mtu akisema namna ile. Alisema Serikali iwe na nguvu kiasi gani, mlangoni pa mtu lazima isimame nje na iombe. Alisema kuna mambo ya mtu ambayo hata yakiwa hayana ubaya wowote hayamhusu ofisa. Alisema uwezo aliopewa Gavana kwa ajili ya vita hauwezi kuachwa ukalala nyumbani kwetu kama mgeni asiyejua kuaga. Ni mtu ambaye mimi nikifika kwake sitakaribishwa hata barazani, nalijua hilo, na bado niliandika kila neno lake. Alikuwa akisema habari za Bi Khatija bila kumjua.

Wajumbe wa Kihindi wakamuunga mkono. Wetu wa pwani akamuunga mkono. Mjumbe wa Waafrika akauliza: Je, heshima hii itaifikia pia nyumba ya udongo na makuti? Maana yeye huona mtu akisimamishwa barabarani atoe kipande chake cha kujitambulisha na hakuna anayesema ni jambo lake la faragha. Akajibiwa na Mwanasheria wa Serikali kuwa nyumba ni nyumba. Watu wakapiga makofi. Ikatangazwa mapumziko ya chai.

Tuliporudi, Mwanasheria yule akasimama na karatasi fupi. Serikali imesikia, akasema, na inakubali rekebisho. Hakuna ofisa atakayeingia katika nyumba ya kukaa bila hati ya hakimu. Makofi yakaanza. Yakiwa bado yanaendelea akamalizia kifungu, na mle ndani mlikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya "kwa kazi hiyo peke yake". Nyumba ya kukaa tu.

Kalamu yangu ilisimama. Nilitazama viti vya wajumbe, nikingoja mtu anyanyuke. Hakunyanyuka mtu. Wengi wao wanakaa katika nyumba zenye bustani pande zote nne, na mahali wanapofanyia kazi ni kwengine. Kwao lile "tu" halikuwaondolea kitu. Mjumbe wa walowezi alikuwa akipewa mkono. Mjumbe wetu wa pwani, ambaye mwenyewe ana maduka chini ya nyumba yake, alikuwa amegeuka nyuma akizungumza na jirani yake huku akicheka. Mimi nisiye na haki ya kusema mle ndani nilijikuta nimeinuka nusu ya kiti, mpaka mwandishi aliyekuwa ubavuni kwangu akanivuta koti. "Umeona nini?" akaniuliza. Nikamwambia nimeona mtaa wangu ukitolewa nje.

Kwa maana fikiria. Bi Khatija anakaa juu ya duka. Fundi Mbarak analala nyuma ya cherehani yake. Sisi wenyewe, mama yako anauza vitambaa vyake vya kufuma sebuleni, na siku ya siku ofisa aweza kusema pale si pa kukaa tu. Tononoka kuna mama anayekaanga mahamri mlangoni kwake. Maskini karibu wote hufanya kazi pale pale wanapolala. Yule mjumbe alijenga ukuta mzuri kwa maneno yake, na herufi mbili zikatuacha sisi nje ya ukuta. Na ilifanyika mchana, mlango wazi, mbele ya waandishi, kwa adabu. Hilo ndilo lililonishtua na linanishtua hadi ninapoandika. Nilizoea kudhani kuwa uovu wa namna hii hufanywa kwa kificho na kazi yangu ni kuufichua. Hapakuwa na cha kufichua. Kilikuwa kinasomwa kwa sauti.

Nilirudi nikamkuta mhariri amekwisha kuandika kichwa cha habari kwa kufuata simu ya maandishi iliyotangulia: NYUMBA ZETU SASA ZI SALAMA.

"Si zetu," nikamwambia. "Kuna 'tu'."

"Kuna nini?"

"Tu. Nyumba ya kukaa tu."

Akasoma kifungu mara mbili. "Athmani, watu wana furaha kwa mara ya kwanza tangu vita. Kwa herufi mbili waenda kuwaharibia?"

"Wewe walala wapi?"

Analala juu ya mtambo wa kupigia chapa, unamjua. Akakifuta kile kichwa cha habari, akanitukania mama yangu, akaniambia niandike nitakavyo. Gazeti linatoka kesho. Utalisoma njiani.

Lakini gazeti si sheria, kama alivyosema Inspekta. Mswada bado haujasomwa mara ya tatu, na mpaka hapo si sheria. Kabla ya hapo Serikali itatoa tafsiri yake ya Kiswahili, itabandikwa katika ofisi za wilaya ili wananchi wapeleke maoni yao. Tafsiri hiyo ndiyo watakayoiamini, kwa kuwa ina muhuri. Wakiliona lile "tu" wana nafasi ya kudai litolewe, na nafasi hiyo ni ndogo. Wasipoliona, watashangilia mpaka siku ofisa atakapopanda ngazi. Na meza ambayo tafsiri hiyo itapitia ni yenu.

Ulipotusimulia juzi kuwa mkubwa wako mtarajiwa alikwambia, "Tafsiri zetu ziwe nyepesi, zisiwashtue watu," mama yako alicheka na wewe ukacheka. Huenda hukugundua kuwa mimi sikucheka. Sidhani kama ni mtu mbaya. Hata mimi nilipoandika "maduka na maghala" nilikuwa mwepesi, na sikumshtua mtu. Atakaposema kuwa neno dogo kama hilo linaharibu mtiririko wa sentensi, atakuwa na haki, Kiswahili kinakwenda vizuri zaidi bila ya hilo. Jaribu kusema "nyumba ya kukaa". Ni tamu. Imekaa kama sentensi kamili. Ndiyo hatari yake.

Sikuagizi ugombane na mkubwa wako. Utakuwa na siku chache kazini na mimi sitakuwapo. Nakueleza tu nilivyokuwa mimi mezani kwangu, nikiwa na kikombe changu cha chai na dhamiri safi kabisa. Hakuna aliyenitisha wala kunihonga. Ukitafuta siku ya kujaribiwa, usiitazamie ije na ngurumo. Yangu ilikuja na chai.

Kuna jambo moja la mwisho, na ndilo lililonifanya niketi kuandika.

Leo alasiri nilikwenda kwa Bi Khatija. Niliona si haki aliyeingiliwa nyumbani na neno langu la kwanza alipate hili la pili gazetini kama mtu mwengine yeyote. Anwar alikuwa anapima dengu. Akanitazama, akaitazama ngazi. Nikasimama kwenye kidato cha kwanza, pale pale aliposimama yeye siku ile, nikakohoa. Kisha nikapiga hodi.

Nikapiga ya pili. Mteja mmoja akaacha kuchagua kitunguu akawa anasikiliza.

Nikapiga ya tatu, na ya tatu ikikosa jibu mtu huenda zake, hiyo wajua. Nilikwisha kugeuka.

"Nani?" ikatoka sauti juu.

"Mimi Athmani."

"Athmani jirani au Athmani wa gazeti?"

Huko nje nilimsikia fundi Mbarak akisimamisha cherehani yake. Nikajibu, "Wa gazeti, Bi Khatija."

"Basi sema hapo hapo ulipo."

Nikamsomea kifungu chote kutoka chini, Kiswahili changu mwenyewe, polepole, na lile "tu" nikalitamka peke yake ili lisipotee ngazini. Nikamweleza maana yake kwa nyumba kama yake.

"Hilo 'tu' limetiwa na nani?"

"Mwanasheria wa Serikali."

"Na wale wengine walikuwa wakifanya nini?"

"Wakipiga makofi."

Nikamsikia akicheka, kicheko kikavu kama cha mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Kisha akamwita mwanawe. "Anwar, ukifunga duka nenda kwa mwashi. Ngazi hii nataka izibwe kwa mawe. Tutoboe mlango upande wa kichochoro, juu kuwe juu na chini kuwe chini."

"Mama, na mimi nitapandaje?"

"Utazunguka. Na utapiga hodi kama watu."

Mteja wa vitunguu alicheka. Sikumwambia Bi Khatija lililokuwa akilini mwangu, kwamba sijui kama hakimu ataona ukuta wake ni ukuta na nyumba moja imekuwa mbili. Nikamwambia kile ninachokijua, kwamba mswada bado, na watu waweza kupeleka maoni. Akasema atatia dole gumba lake kwanza kwenye malalamiko, kabla ya wanaume, na nisimweke chini ya orodha.

Nilikuwa nataka kuondoka aliposema tena. "Athmani. Mwanao Swaleh ndiye aendaye huko kwenye ofisi ya tafsiri?"

"Ndiye. Kesho."

"Mwambie asitupambie. Sheria ikiwa mbaya, ije na ubaya wake tuuone. Ile ya kwanza ilikuja imepakwa hina."

Nikasema nitamwambia. Sasa nimekwambia, na nimekwambia kwa maneno yake kwa sababu yangu si mazuri kama hayo.

Nenda kwa amani, mwanangu. Watu wakishtuka na ulichokiandika, waache washtuke wangali na wakati. Mimi na Bi Khatija tulishtuka ngazini, na ngazini hapana la kufanya isipokuwa kupisha. Utakaporudi likizo utakuta ile ngazi ya dukani imekuwa ukuta mweupe na mlango wake uko kichochoroni. Usipite kwa Anwar kama ulivyozoea. Zunguka, ukohoe, upige hodi, na Bi Khatija akikuuliza ni Swaleh yupi, uwe na jibu.

Baba yako,
Athmani